Mbuzi wa Waliokimbia

Disemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira, barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika ilijaa watu tangu Makobola na Mboko hadi huku kwetu Baraka, wilayani Fizi, mashariki mwa Congo. Wapo waliokuja kwa miguu, wapo waliopanda pikipiki, na wengine walifika kwa mitumbwi iliyosheheni mpaka maji yakawa yanalamba ukingo. Walibeba magodoro, masufuria na watoto. Wengi walikuja pia na mifugo: mbuzi wawili kwenye kamba moja, kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa kwenye usukani, kondoo kwenye mabega ya kijana aliyetembea naye kutwa nzima.

Kwenye uwanja walikoandikishwa, daftari lilikuwa na nafasi ya wanaume, wanawake, watoto, wajawazito na wazee. Mama mmoja mwenye mbuzi wawili aliambiwa aingie peke yake, kwa kuwa wanyama hawaruhusiwi ndani ya ua. Akakaa nje. Kabla jua halijazama, wachuuzi walikwisha kufika, wakawa wanapita kwa kila mwenye kamba mkononi wakitaja bei ya kutupa. Mtu mwenye watoto wenye njaa na mnyama asiye na pa kulala hana nguvu ya kupatana. Niliwaona wakiuza mmoja baada ya mwingine, mali ya miaka mingi kwa fedha ya unga wa siku chache.

Hasira iliyonishika jioni ile haikuanza siku hiyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kuanzia mwanzo wa 2018 kulikuwa na kipindi ambacho kila nilipotoka darasani nilikwenda kwenye zizi moja pembeni mwa mji, kutunza bila malipo wanyama ambao wamiliki wao walikuwa wamekimbia vita. Mambo niliyojifunza pale kuhusu mifugo, na zaidi kuhusu sisi watu wa Fizi, sijapata kuyaandika. Naona sasa yanahitajika.

Lazima nirudi nyuma zaidi kidogo. Mwisho wa 1996, vita vya waasi wa AFDL vilipotelemka kutoka Uvira, nilikuwa mtoto. Nyumbani kwetu, upande wa Lweba, baba alikuwa na mbuzi. Usiku wa kuondoka alifungua zizi, akakata kamba zote, akawasukuma nje huku akimwita kila mmoja kwa rangi yake. Sisi tukapanda mtumbwi kuelekea Kigoma, Tanzania. Nilikulia na kusomea Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu. Miaka yote ile baba hakuizungumzia sana nyumba tuliyoiacha. Alizungumzia mbuzi. Kila mgeni aliyevuka kutoka Fizi aliulizwa kama amemwona jike mweusi mwenye sikio lililokatika, hata baada ya muda ambao mbuzi yeyote angekuwa amekwisha kufa kwa uzee. Meli za UNHCR zilianza kuwashusha wakimbizi bandarini Baraka Oktoba 2005, nasi baadaye tukarudi kwa njia hiyo. Pahali pa zizi tulikuta michikichi imeota.

Kwa mtu asiyefuga, huzuni ya namna hii inaweza kuonekana ni ya kizee tu. Lakini kwetu mbuzi ndiye ada ya shule, ndiye mahari, ndiye faini mbele ya chifu, ndiye fedha ya kumtoa mgonjwa hospitali baada ya kupona. Wengi wetu benki hatuna. Aliyerudi kutoka uhamishoni bila mnyama hata mmoja hurudi kuwa kibarua kwenye shamba la jirani, na vijana wa wengi wao ndio waliochukuliwa na makundi yenye silaha, kwa sababu bunduki ilikuwa kazi pekee isiyohitaji mtaji.

Mwishoni mwa 2017 mapigano kati ya jeshi na wapiganaji wa Mai-Mai wa Yakutumba yalipamba moto katika Fizi, na Januari 2018 jeshi likaanzisha operesheni kubwa. Maelfu walivuka ziwa kwenda Burundi na Tanzania. Vijiji kadhaa vilibaki vitupu, na mifugo yao ikaanza kuzurura. Mbuzi huzoea haraka kuishi bila mtu, lakini hawezi kuishi karibu na shamba la mtu bila kuingia ndani yake. Ndivyo walivyoingia kwenye mihogo ya mzee mmoja, shemasi wa kanisa letu, ambaye enzi za Zaïre alikuwa amefanya kazi ya kuchanja mifugo. Majirani walimshauri awachinje, kwani sheria ya mshale na panga kwa mbuzi aliyeingia shambani inajulikana. Yeye akakata miti, akazungushia ua, akawafungia humo. Juma lililofuata watu walianza kumletea wengine waliowakuta njiani.

Nilianza kwa kwenda kuangalia. Alikuwa na wanyama wengi kuliko mikono yake, na mgongo wake ulikuwa umechoka. Akaniambia, “Mwanangu, wewe unajua kuandika. Niandikie hawa.” Kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa daftari: tarehe, mahali mnyama alipookotwa, aliyemleta, rangi, pembe, alama za masikio, kilema kama anacho. Chini ya kila mmoja tuliacha nafasi wazi ya jina la mwenyewe.

Masharti ya mzee yalikuwa magumu, na hakuyalegeza muda wote niliofanya naye kazi. Hakuna atakayeuzwa. Hakuna atakayechinjwa, hata siku ya Noeli, hata mgeni mkubwa akija. Anayekufa anazikwa mbele ya mashahidi wawili kutoka nyumba mbili tofauti, nao wanaweka dole gumba kwenye daftari. Hili la mwisho lilisumbua watu. Kuzika nyama katika mji wenye njaa ni jambo zito, na walikuja kina mama kumsihi walau awape maskini. Alikataa. Aliwaeleza kwamba siku tutakapokula aliyekufa, kesho yake atakufa mwingine aliyenona zaidi, na hakuna mwenye mbuzi atakayetuamini tena. Sikukubaliana naye mara moja. Baadaye niliona jinsi uvumi unavyotembea Baraka: neno likitoka soko la asubuhi, adhuhuri limefika Fizi-centre. Lile zizi lilisimama kwa sababu uvumi ulimtafutia mzee doa moja ukalikosa.

Kazi yenyewe ni ya kuinama. Asubuhi mapema kabla ya shule nilifagia, jioni nilikata kwato, nilipekua masikio kutafuta kupe, nilibeba maji. Wanafunzi wangu wakubwa walikuja kusaidia, wakaleta majani ya migomba na ya miembe. Nilijifunza kumtambua mbuzi mgonjwa kwa kumtazama wakati wengine wanakula: anayesimama kando, nywele zimemsimama, masikio yamelegea, huyo usisubiri kesho. Kitoto kilichozaliwa usiku lazima kipate maziwa ya kwanza ya mama yake katika saa chache za mwanzo, kwani kinga yake yote imo humo. Kikikosa, hata ukikinyonyesha kwa chupa wiki nzima, mara nyingi kitakufa.

Nilijifunza pia kwamba moyo mwema bila ujuzi unaua. Mama jirani alituletea beseni la maganda mabichi ya muhogo mchungu, akifurahi kwamba amepata cha kuchangia. Mbuzi wawili walikula kwa pupa, na muda si mrefu walikuwa chini, wanahema kwa shida, povu mdomoni. Walikufa kabla mzee hajafika. Maganda yale yana sumu ileile inayotufanya tuuloweke muhogo siku kadhaa kabla ya kuusaga. Yakikatwakatwa na kuanikwa juani mpaka yakauke vizuri, sumu hupungua sana na mbuzi wanaweza kulishwa. Mama yule alilia. Mzee alimketisha, akamwonyesha namna ya kuanika, na tangu siku hiyo akawa ndiye msimamizi wetu wa chakula, mkali kuliko sisi wote. Wenye mbuzi wa upele nao walikuwa wakiwapaka mafuta machafu ya injini, wakaichoma ngozi yao hata nyama ikaonekana. Sisi tulichanganya unga wa salfa na mawese, kitu ambacho Fizi hakikosekani, tukarudia mpaka upele ukakauka. Sindano zilikuwepo madukani kwa mwenye fedha, nasi fedha hatukuwa nayo.

Jambo lililowashinda watu kuelewa lilikuwa malipo. Baraka imekuwa mji wa mashirika tangu wakimbizi walipoanza kurudi, kisha Warundi wakaja Lusenda mwaka 2015, na mashirika yakaongezeka. Mashirika hayo yamefanya mengi mema, watoto wangu wamekunywa maji ya mabomba yao. Lakini yametuachia pia desturi kwamba kila mkutano una fedha ya kuhudhuria, kila kazi ya pamoja ina fulana na posho, na mtu anayefanya kazi ya wengine bila posho ama anaficha kitu ama ana kichaa. Watu waliniuliza barabarani, “Mama mwalimu, mradi wenu unalipa ngapi?” Nilipojibu hakuna mradi, walinikonyeza kwa kunielewa: bila shaka nimekatazwa kusema. Shemeji yangu aliamini mpaka mwisho kwamba kuna mzungu anayetuma fedha.

Nimelifikiria sana jambo hili. Niliona kwa macho yangu miradi ya kugawa mbuzi, ambapo kila familia hupewa jike kwa ahadi ya kumpa jirani kitoto cha kwanza. Ni wazo zuri, na lina mizizi katika desturi zetu za kupeana mifugo. Lakini pale mradi ulipofungwa na gari la mwisho likaondoka, wengi walichinja, kwa sababu mbuzi alikuwa wa mradi, na mradi umekufa. Katika zizi la mzee mnyama alikuwa na mwenyewe, mtu mwenye jina na uso, ambaye labda yuko ng'ambo ya ziwa akiuliza habari kama baba yangu. Tulimfanyia kazi huyo. Nadhani ndiyo maana hatukuchoka.

Kisha akaletwa ng'ombe.

Alikuwa jike mwekundu mwenye pembe ndefu, wa aina inayofugwa na Banyamulenge, wafugaji wa kule juu milimani. Vijana walimkuta kwenye njia ya kutelemka, mguu wa nyuma umekatwa kwa panga karibu na kifundo, jeraha limejaa funza. Kwa nini alikuwa peke yake hatukujua. Tangu 2017 vita vya milima ya juu, Bijombo, Minembwe, Itombwe, vilikuwa vimekwisha kuchoma vijiji vya makabila yote, na ng'ombe walikuwa wakiporwa kwa makundi. Mtu akishindwa kumpata adui yake, alimkata ng'ombe wake.

Ni lazima nieleze kwa wasiotoka kwetu. Kiangazi kinapoanza, kuanzia Juni, majani ya milima ya juu hukauka, na wachungaji huwatelemsha ng'ombe kuelekea Lulenge na Ngandja, kwenye ardhi ya Babembe, wakulima wa huku chini, mpaka mvua zirudi. Zamani jambo hilo lilikuwa na utaratibu. Mwenye ng'ombe alimwendea mkubwa wa ardhi, akatoa itulo, yaani ada ya malisho, wakakubaliana njia na malisho, na muhogo ulioliwa ulilipwa. Hawakupendana sana, lakini walihitajiana: huku muhogo na mahindi, kule maziwa na siagi. Vita viliharibu hayo. Wenye silaha wa kila upande walijifanya ndio wapokeaji wa itulo, kodi zikaongezeka, mashamba yakaliwa bila fidia, wachungaji wakauawa, wakulima wakauawa. Justine Brabant na Jean-Louis Kambale Nzweve waliyachunguza mambo haya kwa ajili ya Life & Peace Institute katika kitabu cha 2013 ambacho jina lake kwa Kifaransa linataja jembe, ng'ombe na bunduki. Mpangilio wa maneno hayo matatu unatosha kwa mtu wa Fizi kujua habari yote.

Basi ng'ombe mwekundu ndani ya zizi la mji wa Babembe hakuwa mnyama tu. Siku ya pili walikuja vijana kadhaa. Walizungumza kwa heshima, wakamwamkia mzee, wakakaa. Kisha mmoja akasema huyo ng'ombe ni wa adui, na mali ya adui ni ya waliopigana, kwa hiyo wamekuja kumchukua. Niliogopa. Mzee aliniomba daftari, akamfungulia kijana ukurasa wa mbuzi waliookotwa, akamwuliza kama anamfahamu yule wa mstari wa nne. Alikuwa mbuzi wa mama yake mdogo, aliyekuwa amekimbilia Kigoma. Mzee akamwambia, “Mwanangu, nikikupa huyu ng'ombe leo, kesho atakuja mwenye bunduki kubwa kuliko yako kumchukua huyu mbuzi, na mimi nitakosa la kumjibu. Daftari ni moja.” Walikaa kimya muda mrefu. Wakaondoka bila ng'ombe. Mmoja wao alirudi peke yake wiki iliyofuata na mfuko wa chumvi, akasema ni ya kuoshea jeraha.

Jeraha lile lilitufundisha uvumilivu. Tuliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, tukatoa funza kwa kijiti, tukapaka asali, tukafukiza moshi kufukuza nzi. Ng'ombe wa milimani anayetelemka mpaka kando ya ziwa hukutana na kupe na mbung'o asiowazoea, kwa hiyo tulimpekua kila siku. Wanawake waliokuwa wamepoteza ndugu zao katika vita vya kule juu walikuwa wakipita kwenye ua na kugeuza uso. Sikuwahukumu. Nami nilikuwa na wangu waliokufa. Lakini nilikuwa nimeshika mguu ule mikononi mwangu, na mguu hauna kabila, na nilipokuwa ninaupaka asali nilikuwa namwaza mtu fulani huko juu, nisiyemjua, aliyekuwa akiuliza wapita njia kama wamemwona jike wake mwekundu. Sikuwahi kabla ya hapo kumfikiria mtu wa upande ule kwa namna hiyo. Mahubiri ya amani nimeyasikia mengi, semina za upatanisho nimehudhuria na posho nimepokea. Hazikunifikisha pale.

Zizi lilikuwa na mipaka yake, na sotoka ya mbuzi ilituonyesha. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hii ya mbuzi na kondoo bado ipo. Mwaka 2012 iliua mbuzi wengi Congo hata serikali ikaomba msaada wa FAO, na mpango wa dunia uliopitishwa Abidjan mwaka 2015 ulilenga kuimaliza ifikapo 2030. Kwetu iliingia na kundi dogo lililookotwa njiani. Walianza na homa, kisha machozi na kamasi nzito, vidonda mdomoni, kuhara, kikohozi. Ukishaona hivyo dawa ya kumponya haipo. Unamtenga, unampa maji, unasubiri. Chanjo ipo, na sindano moja humkinga mnyama miaka mitatu au zaidi, lakini ni lazima ikae kwenye baridi tangu kiwandani mpaka inapoingia mwilini, na Baraka haina umeme wa kutegemewa, na barabara ilikuwa na vizuizi. Ilipofika, kwenye kasha la barafu lililokuwa limekwisha kuyeyuka nusu, tulikuwa tumezika wengi. Mashahidi walichoka kuweka dole gumba. Waliobaki tulichanja wote, pamoja na mbuzi wa majirani, na ugonjwa ukakoma.

Nilimwuliza mzee kama hakujuta kuwakusanya pamoja, kwani mbuzi waliozurura mbalimbali wasingeambukizana kwa wingi hivyo. Alisema hilo ni kweli, na kwamba tangu siku hiyo kila mgeni atakaa peke yake siku 21 kabla ya kuingia. Tukajenga zizi la pili. Kujitolea kwenye kazi ya wanyama kunadai hilo kwanza: nafasi ya kutenga, maji, mtu mwenye ujuzi wa mifugo anayeweza kuitwa. Anayeanzisha zizi la namna hii bila hayo anawakusanyia wanyama kifo.

Wenyewe walianza kurudi katikati ya mwaka, wachache wachache. Daftari lilisaidia, lakini shahidi mkubwa alikuwa mbuzi mwenyewe. Mtu alisimama nje ya ua, mbali, akaita kwa mwito wake wa nyumbani, na mbuzi wake aliinua kichwa na kuja. Wawili walipogombania beberu mmoja, mzee aliwaweka pande mbili za zizi, wakaita kwa zamu, na ugomvi ukaisha mbele ya watu wote. Mwanamume mmoja alitushtaki kwa chifu kwamba tumemwibia wanne. Chifu alisoma daftari, akaona alama za dole gumba za mashahidi wa sotoka, mmoja wao ni binamu yake mwenyewe. Mwanamume yule aliondoa mashtaka, akarudi siku nyingine na nyasi kichwani.

Kuhusu watoto waliozaliwa zizini, mzee na mimi hatukupatana kamwe. Desturi ya kwetu inamjua anayetunza mnyama wa mwingine: baada ya uzazi kadhaa, mtunzaji hupata mtoto mmoja. Mzee hakuchukua hata mmoja, wala hakuruhusu sisi tuchukue. Alisema tukipokea, kesho tutawatafuta wanyama badala ya kuwapokea. Naelewa woga wake. Lakini naamini alikosea. Jambo linalotegemea mtu mmoja asiyehitaji kitu halidumu baada yake, na vijana waliobeba maji kiangazi kizima walistahili kuondoka na kitu kinachotembea. Kama zizi lingekuwa na sheria ya wazi ya mtunzaji kupata mtoto wa tatu au wa nne, ikiwa imeandikwa na kujulikana, nadhani lingekuwepo mpaka leo.

Maana halipo. Wanyama wengi walichukuliwa na wenyewe, nguvu za mzee zikapungua, na maji ya Tanganyika yalipopanda 2020 na 2021 yaliufunika ukanda ule wote. Ng'ombe mwekundu alikuwa amekwisha kuondoka. Mchuuzi mmoja wa siagi, mtu anayepita pande zote mbili, alipeleka habari juu, na mwenyewe akatuma watu wawili wakutane na wetu nusu ya njia. Jike yule alikwenda akichechemea kidogo. Mwenyewe hatukumwona wala hatukuambiwa jina lake.

Miaka iliyofuata nilipata kujua kwamba kazi yetu ina jamaa mbali. Lamu, kwenye kisiwa ambacho punda ndiye gari, kuna kituo cha punda kilichofunguliwa 1987 na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, ambako aliyeumia au kuzeeka hutibiwa bure na mwenyewe hufundishwa kumfunga mzigo bila kumchubua. Binamu yangu aliyehamishiwa Marekani kutoka Nyarugusu alinipigia simu kunieleza kuhusu mashamba ya huko ambako nguruwe, kuku na kondoo huachwa waishi mpaka wafe wenyewe, na watu hujitolea siku zao za mapumziko kusafisha mazizi. La kwanza la namna hiyo, Farm Sanctuary, lilianzishwa 1986 na Gene Baur na Lorri Bauston, waliomkuta kondoo hai ametupwa kwenye rundo la mizoga nyuma ya mnada wa Lancaster, Pennsylvania. Walimwita Hilda, naye akaishi zaidi ya miaka 10 baada ya hapo. Binamu alisimulia akishangaa. Mimi sikushangaa sana. Wao wanamwokoa mnyama kutoka kwa mwenyewe, sisi tulimtunza kwa ajili ya mwenyewe. Sisi tunakula nyama, na sitasema vinginevyo. Lakini kukaa karibu na mnyama ambaye kwa sasa hana faida kwako, ukamlisha, ukamtibu, ukamjua, hilo ni lilelile hapa na kule, na nadhani linambadilisha mtu kwa njia ileile.

Ninarudi kwa wale wa Uvira. Wenye madaftari ya kuandikisha wangeweza kuongeza mstari mmoja: una wanyama wangapi, wa aina gani. Kila mahali panapopokea watu pangehitaji nyua mbili tu za miti, moja ya wageni wa siku 21, nyingine ya wote, na mtu wa mifugo mwenye chanjo ya sotoka kabla ugonjwa haujaingia na kuwamaliza pia mbuzi wa wenyeji. Wachuuzi wanaonunua kwa bei ya kutupa wangepungua wenyewe, kwa sababu mwenye pa kumweka mbuzi wake hana haraka ya kumwuza. Hizi si gharama za shirika kubwa. Tulizimudu kwa miti, mawese na kalamu.

Tumeanza. Mama aliyekaa nje ya ua na mbuzi wake wawili anaishi kwangu, na nyuma ya nyumba yangu sasa wapo mbuzi wa familia nyingine nne. Wanafunzi wanakata nyasi zamu kwa zamu. Safari hii tumeandika mbele ya chifu kwamba mtunzaji atapata mtoto wa tatu. Nimemwomba mchuuzi wa siagi, ambaye bado anapanda na kutelemka, awaambie watu wa juu kwamba kiangazi kikifika, ng'ombe wao aliyejeruhiwa akitelemka huku, ataandikwa kwenye daftari hilohilo. Alisema atawaambia, na kwamba wataniuliza nani anadhamini. Nimempa jina langu.